Kusoma DNA ya Samaki wa Matumbawe: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Mageuko Yao, Kutoka Mwambani Hadi Kwenye Mti wa Ukoo

Yupo samaki mdogo wa rangi ya chungwa iliyofifia, mwenye mstari mmoja mweupe unaofuata mgongo hadi kwenye mkia. Jina lake la kisayansi ni Amphiprion akallopisos, na makazi yake ni ndani ya minyiri ya anemoni wa baharini. Anapatikana Kenya, Tanzania, Komoro, Madagaska na Shelisheli. Ukivuka bahari ukafika Maldivi na Sri Lanka, humwoni. Huko anemoni wana wapangaji wengine. Ukizidi kwenda mashariki hadi pwani ya Thailand, Sumatra na Java, unamkuta tena, rangi ile ile na mstari ule ule. Katikati kuna maelfu ya kilomita ambako hayupo.

Je, hao ni spishi moja? Walitengana lini, na nani alihama kutoka wapi? Kwa macho hutapata jibu. Kwa DNA unaweza kulipata, nami nitamtumia samaki huyu kama mfano katika hatua zote zinazofuata. Niseme mapema msimamo wangu: mashine ya kusoma DNA ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Ukiwa na pesa, herufi za DNA (A, C, G na T) zitasomwa. Utafiti unasimama au unaanguka kwenye swali uliloanza nalo, kwenye sampuli, na kwenye karatasi ndogo iliyo ndani ya kichupa.

Hatua ya 1: Swali kwanza, mashine baadaye

Wengi wanaoanza huuliza teknolojia ipi ni bora. Swali hilo halina jibu mpaka useme unatafuta nini, kwa sababu kila aina ya swali ina DNA yake.

Ukitaka kujua huyu ni spishi gani, kipande kimoja cha jeni iitwayo COI, iliyo kwenye mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, vyenye DNA yao wenyewe), chenye herufi zipatazo 650, kitakutosha kwa samaki wengi. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walikijaribu kwa spishi 207 za samaki, wengi wao wa baharini, na spishi zikatofautishika. Samaki wawili tu walikutwa wamebeba DNA ya spishi ya jirani. Hao wawili wakumbuke, tutawarudia.

Ukitaka kujua kama samaki wa Mtwara wanazaana na wale wa Lamu, COI mara nyingi haitoshi maana hubadilika polepole mno. Hapo unahitaji eneo la udhibiti la mitokondria, kipande cha DNA yake kisichotengeneza protini, ambalo hubadilika haraka zaidi, au vipande vifupi vinavyojirudia kwenye kiini cha seli, yaani mikrosatelaiti, au maelfu ya tofauti za herufi moja moja zilizotawanyika kwenye jenomu nzima, yaani DNA yote ya samaki.

Na ukitaka mti wa ukoo wa familia nzima, andaa mamia ya jeni. Ni kazi ya namna hii iliyoonyesha kwamba pono, ambao vitabu vya zamani viliwapa familia yao wenyewe, ni tawi lililochipuka ndani ya familia kubwa ya Labridae. Mvuvi anayemtambua pono kwa mdomo wake kama wa kasuku hajakosea. Mdomo ule ni wa pekee kweli, ila ukoo wake uko kwa Labridae.

Swali letu la akallopisos liko kwenye kundi la pili, na linagusa la tatu. Liandike kwa sentensi moja, ulibandike ukutani.

Hatua ya 2: Vibali

Hapa sitakaa sana, ila usiruke. Tanzania Bara kibali cha utafiti kinapitia tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kenya kinapitia tume yao, NACOSTI, na Zanzibar ina utaratibu wake. Ukiingia eneo la hifadhi ya bahari unahitaji kibali kingine cha wasimamizi wake. Ukitaka kupeleka tishu nje ya nchi, kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, inayodai ridhaa na makubaliano ya maandishi kabla ya sampuli kuondoka. Spishi nyingine, kama farasi wa baharini na Cheilinus undulatus yule mkubwa mwenye kibonge kwenye paji, zimo pia kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini. Zungumza na kamati ya wavuvi ya kijiji kabla ya kushusha chombo majini. Hilo ni sharti la kazi, na pia ndiyo njia ya haraka ya kujua anemoni wako wapi.

Hatua ya 3: Kupanga vituo

Vituo havichaguliwi kwa uzuri wa hoteli iliyo karibu. Samaki wa matumbawe akishakua hasafiri. Anayesafiri ni kiluwiluwi, anayeelea na maji kwa siku au wiki kadhaa. Viluwiluwi vya samaki wa anemoni huelea kwa wiki moja hadi mbili tu, wakati vile vya kangaja vinaweza kukaa baharini zaidi ya mwezi. Kwa hiyo ramani yako ya kwanza iwe ramani ya mikondo.

Kwetu, Mkondo wa Ikweta wa Kusini huja kutoka mashariki, ukaigonga Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ukagawanyika. Tawi moja hushuka Msumbiji, jingine hupanda kaskazini kupita Mafia, Unguja, Pemba hadi Kenya. Wakati wa kusi tawi hili huenda kwa nguvu hadi Somalia. Wakati wa kaskazi hukutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia, yakageukia baharini. Basi weka vituo kabla ya mgawanyiko na baada yake, na mahali yanapokutana maji hayo. Kwa akallopisos, lazima uwe na sampuli za upande wa pili wa bahari pia. Bila hizo huna swali tena. Kama huwezi kufika, tafuta mshirika wa Indonesia au Thailand mbadilishane data.

Idadi: samaki 25 hadi 30 kwa kila kituo ni kiwango kinachokubalika kwa kulinganisha makundi ndani ya spishi. Kwa mti wa ukoo, wawili au watatu kwa kila spishi wanatosha, pamoja na spishi ya nje itakayoshikilia mzizi wa mti. Panga kazi ya majini wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia.

Hatua ya 4: Kukamata na kuchukua tishu

Samaki wa anemoni hakimbilii mbali. Wapiga mbizi wawili, kila mmoja na kinyavu cha mkono, mmoja akiziba upande wa juu na mwingine akisogeza kutoka chini, wanamaliza kazi. Akiwa mkaidi, kuna dawa ambayo Unguja na Pemba wanaijua kuliko mtu yeyote: mafuta ya karafuu. Eujenoli iliyomo humlaza samaki kwa muda mfupi. Mafuta hayachanganyiki na maji, hivyo kwanza yachanganye na ethanoli, sehemu moja kwa tisa, uyatie kwenye chupa ya kubinya, kisha upulize kidogo karibu na samaki. Usimwage juu ya matumbawe. Samaki akianza kupepesuka, mtoe, mkate, mwache azinduke ndani ya kinyavu kwenye maji yanayopita kabla hujamrudisha.

Mrudishe kwenye anemoni ule ule. Katika kila kikundi, mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume wake, na wadogo wanasubiri zamu. Jike akitoweka, dume hugeuka jike, na mdogo aliye mbele hupanda. Ukibeba majike kwa ajili ya sampuli umevuruga nyumba nzima. Tena huna haja: kipande cha pezi la mkia kisichozidi ukucha wa kidole kidogo kina DNA ya kutosha, na pezi huota tena. Wala usihofu kwamba wakaaji wa anemoni mmoja ni ndugu. Kwa kuwa viluwiluwi huja na maji, wanaoishi pamoja kwa kawaida si wa tumbo moja.

Kipande kiingie mara moja kwenye ethanoli ya asilimia 95, tishu kidogo na ethanoli nyingi, angalau mara tano ya ujazo wake. Kesho yake ibadilishe, maana maji yaliyomo kwenye tishu huizimua. Spiriti ya dukani yenye rangi iache. Fomalini iache kabisa. Hufunga na kukatakata DNA, na ndiyo maana samaki wengi wa chupa za makumbusho wanasumbua kusomeka. Kama utasafiri kwa ndege na ethanoli italeta matata uwanjani, tumia mchanganyiko wa kiyeyushi cha DMSO asilimia 20, kemikali ya EDTA na chumvi iliyojaa mpaka haiyeyuki tena. Hukaa bila friji na hauwaki moto.

Sasa lebo. Andika kwa penseli, kwenye kipande cha karatasi ngumu, ukitumbukize ndani ya kichupa pamoja na tishu. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli, na ukiandika nje peke yake, tone moja la kuvuja linafuta kila kitu. Kwenye karatasi iwepo namba tu, mfano MAF-017. Daftari ndilo libebe mengine: tarehe, viwianishi vya GPS, kina, urefu wa samaki, spishi ya anemoni, jina la aliyekamata, namba ya picha. Picha ipigwe samaki akiwa hai, ubavu wa kushoto, mapezi yamefunguka, rula pembeni. Kwa kila spishi bakisha angalau samaki mmoja mzima kwenye mkusanyo wa chuo au makumbusho, ili mtu akitilia shaka jina baada ya miaka ishirini awe na wa kumtazama.

Na sokoni je? Kununua sampuli Feri au Darajani ni rahisi, na kwa spishi zinazoliwa ni njia halali ya kuanza. Tasi, Siganus sutor, anayepatikana magharibi ya Bahari ya Hindi tu na anayeletwa madikoni na dema karibu kila siku, ni samaki mzuri kwa mwanafunzi asiye na mtungi wa kupigia mbizi. Tatizo ni kwamba mchuuzi anajua alikonunua, hajui alikovuliwa. Nenda dikoni mapema, umuulize nahodha mwenyewe kabla mzigo haujachanganywa.

Hatua ya 5: Kutoa DNA

Vifaa vilivyotayarishwa kiwandani ni vizuri ila ni ghali. Njia ya chumvi ni nafuu, na kwa pezi la samaki sioni kwa nini usiitumie.

Weka kipande cha tishu kwenye mikrolita 400 za bafa yenye chumvi ya kawaida 0.4 M (M ni moli kwa lita), Tris 10 mM ya pH 8 na EDTA 2 mM. Ongeza mikrolita 40 za sabuni ya SDS ya asilimia 20 na mikrolita 8 za protinasi K, kimeng'enya kinachomeng'enya protini, ya miligramu 20 kwa mililita. Acha kwenye nyuzi 55 usiku kucha. Asubuhi nyama iwe imeyeyuka, yamebaki mifupa membamba ya pezi. Kama bado kuna vipande vya ngozi, ongeza protinasi kidogo na usubiri. Tia mikrolita 300 za chumvi ya 6 M, tikisa kwa nguvu nusu dakika, zungusha kwenye sentrifuji kwa nusu saa kwa kasi ya 10,000 g. Protini hushuka chini. Hamisha maji ya juu kwenye kichupa kipya, tia isopropanoli ya ujazo ule ule, weka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa moja, kisha zungusha dakika 20. Kitone cheupe kitakachoganda chini ndicho DNA. Kioshe kwa ethanoli ya asilimia 70, kikauke, ukiyeyushe kwenye maji safi.

Pima. Uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 kwa 280 ukiwa karibu na 1.8 ni dalili njema. Lakini mimi huamini zaidi jeli ya agarosi: mstari mmoja mzito juu maana yake DNA ni nzima, ukungu unaoteremka hadi chini maana yake imekatika. DNA iliyokatika inaweza kukupa COI. Usiipeleke kwenye usomaji wa jenomu nzima.

Hatua ya 6: Kuzidisha na kusoma

Kwa COI tumia praima za samaki za mwaka 2005, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha unakili uanzie wapi. Ya mbele ni TCAACCAACCACAAAGACATTGGCAC, ya nyuma ni TAGACTTCTGGGTGGCCAAAGAATCA. Programu ya mashine ya PCR, inayonakili kipande hicho mara nyingi, ni nyuzi 95 kwa dakika 2. Kisha mizunguko 35 ya nyuzi 94 kwa sekunde 30, nyuzi 54 kwa sekunde 30, na nyuzi 72 kwa dakika 1. Mwisho nyuzi 72 kwa dakika 10. Kila mara weka kichupa kimoja kisicho na DNA. Kikitoa mstari kwenye jeli, kuna uchafu mahali fulani, na seti nzima inatupwa hata kama mingine imetoka vizuri.

Bidhaa iliyofaulu hupelekwa kusomwa kwa njia ya Sanger, inayosoma kipande kimoja kimoja, pande zote mbili. Njia hii ina umri, lakini kwa kipande cha herufi 650 bado haijapata mshindani wa maana kwa mwenye sampuli chache. Ukiwa na mamia ya sampuli, au huna maabara jirani, fikiria MinION, mashine inayoshikika kwa kiganja na kuchomekwa kwenye kompyuta ya mkononi.

Hatua ya 7: Kusafisha herufi

Hapa ndipo makala nyingi mbaya huzaliwa. Faili utakalopokea si orodha ya herufi tu, lina kromatogramu, yaani vilima vya rangi nne. Fungua kila kimoja kwa macho yako. Herufi 20 hadi 40 za mwanzo huwa na fujo, na za mwisho hufifia; kata. Alama ya ubora ya 20 ina maana uwezekano wa kosa ni asilimia 1, usishuke chini ya hapo. Linganisha usomaji wa mbele na wa nyuma.

Vilima viwili vikikaa mahali pamoja, jiulize. Kwenye jeni ya kiini ni kawaida, kwa sababu samaki amepata nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kwenye mitokondria si kawaida. Ama sampuli mbili zimechanganyika, ama umezidisha nakala ya zamani ya jeni hiyo iliyohamia kwenye kiini, ambayo haifanyi kazi tena.

Njia ya kuitambua nakala hiyo ni kutafsiri herufi kuwa protini. COI inayofanya kazi haina alama ya kukomea katikati. Ukiikuta, tia shaka. Ila kabla ya kutupa data, hakikisha programu imewekwa kwenye msimbo wa mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo. Kwenye msimbo wa kawaida TGA ni alama ya kukoma, wakati kwenye mitokondria ni triptofani. Ukisahau kubadilisha, samaki wako wote wataonekana wabovu.

Kisha zilinganishe herufi zako na hazina ya GenBank kwa programu ya BLAST, na hazina ya BOLD. Mfanano wa asilimia 99 au zaidi unatia moyo, lakini usimwamini mtu mmoja. Kuna samaki waliopewa jina baya kabla ya kuwekwa humo. Tazama kama maingizo kadhaa kutoka maabara tofauti yanakubaliana, na kama picha yako inakubaliana nayo.

Hatua ya 8: Mtandao, mti na saa

Panga herufi zote kwenye safu kwa programu ya MAFFT au MUSCLE. Kwa makundi ya spishi moja, anza na mtandao wa haplotipu kwa programu ya PopART. Kila duara ni toleo moja la DNA, ukubwa wake ni idadi ya samaki wanaolibeba, na vijistari ni mabadiliko yanayotenganisha. Wapake samaki wa Afrika Mashariki rangi moja, wa Indonesia nyingine. Rangi zikichanganyika ndani ya maduara, wanazaana au wametengana juzi tu. Zikijitenga kwenye pande mbili za mtandao, kuna historia. Kwa akallopisos, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwa eneo la udhibiti ulikuta mtiririko wa jeni kati ya pande hizo mbili umebanwa mno.

Kwa mti tumia programu ya IQ-TREE, na uweke spishi ya nje, mfano Pomacentrus mmoja. Kila kifundo cha mti kina namba ya uthabiti. Kwa njia ya kawaida (bootstrap), chini ya 70 usijenge hoja juu yake. Kwa ile ya haraka ya IQ-TREE, kizingiti ni 95. Miti ya namna hii ndiyo iliyoonyesha kwamba samaki wa anemoni walichanua mara mbili: mara moja kwenye visiwa vya kati ya Asia na Australia, na mara nyingine, peke yao, huku pwani ya Afrika Mashariki.

Hesabu ya muda inavutia, na inadanganya. Ukipata tofauti 13 kwenye herufi 650, hiyo ni asilimia 2. Ukikubali kwamba jozi ya spishi hutofautiana kwa asilimia 1 hadi 2 kila miaka milioni, mtengano ni wa miaka milioni 1 hadi 2. Kasi hizo zinatokana kwa sehemu na jozi za samaki waliotenganishwa na shingo ya nchi ya Panama ilipofunga njia ya bahari, takriban miaka milioni 3 iliyopita. Usizihamishie kwenye eneo la udhibiti. Kwa familia nzima tumia programu ya BEAST pamoja na visukuku. Vile vya Monte Bolca, Italia, vyenye umri wa takriban miaka milioni 50, vina ndugu wa tasi na wa kangaja. Na uandike upana wa makadirio. Namba moja tupu haisemi ukweli.

Hatua ya 9: Jeni moja ikikwama

Warudie sasa wale samaki wawili wenye DNA ya jirani. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, hivyo mama wa spishi nyingine akiingia kwenye ukoo, jeni hii itasimulia upande wake tu. Amphiprion leucokranos wa Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon, aliyeelezwa kama spishi kamili, ni chotara wa spishi mbili nyingine. Ukimsoma COI tu utampanga kwa mama yake na utaridhika.

Kinyume chake kiko Karibi, kwa samaki wadogo wa jenasi Hypoplectrus. Wanatofautiana kwa rangi, wanachaguana kwa rangi, lakini mitokondria haiwatenganishi. Jenomu nzima zao zilipolinganishwa mwaka 2019, tofauti zilikutwa zimejikusanya kwenye maeneo machache, yakiwemo yenye jeni za rangi na za kuona. Kipande cha herufi 650 kisingeweza kugusa hayo.

Kwa hiyo mtandao wa mitokondria ukikupa jibu la ajabu, au ukakosa jibu, panda ngazi: RAD, inayosoma maelfu ya vipande vilivyokatwa na vimeng'enya na kuchambuliwa kwa programu ya Stacks, au jenomu nzima. Jenomu ya Amphiprion percula, yenye herufi zipatazo milioni 900 kwenye kromosomu 24, imeshapangwa, na inaweza kutumika kama ramani ya kupangia vipande vyako. Tenga bajeti ya kompyuta na ya mtu anayeijua Linux kabla ya kulipia usomaji, maana data hiyo haifunguki kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini.

Hatua ya 10: Kuweka hazina

Peleka herufi GenBank zikiwa na viwianishi, tarehe, namba ya samaki aliyehifadhiwa na jina la aliyemtambua. Data ghafi za RAD au jenomu ziende kwenye hazina ya SRA. Mabaki ya DNA yagawe mafungu mawili, uyaweke kwenye friza mbili za majengo tofauti, kwa sababu umeme wetu tunaujua.